Milima ya Usambara: Nani Anaiponya Nchi?

Mwenye karatasi ya somo mkononi afuate maneno kwa kidole. Asiye nayo asikilize tu. Hatapotea, maana leo tunakwenda safari.

Safari yetu inaanzia Mombo, katika mkoa wa Tanga, kaskazini mashariki ya Tanzania. Mombo ni mahali pa joto. Mbele yako ni bonde na mashamba ya katani. Nyuma yako mlima umesimama kama ukuta. Juu ya ukuta huo ndiko Usambara ya Magharibi, na mji wake mkubwa ni Lushoto. Barabara ya kupanda ni ya kilometa 33 hivi, na karibu yote ni kona. Mkono mmoja una jabali, mkono wa pili una korongo, na chini kabisa mto unakwenda kwa kelele. Katikati ya njia utafika Soni, na hapo utaona maporomoko ya maji. Ukitoka Mombo umevaa shati moja, ukifika Lushoto utatafuta sweta.

Kwa nini juu pana misitu na chini ni nyika? Bahari ya Hindi haiko mbali. Upepo unatoka baharini umebeba unyevu, unagonga milima, unapanda na kupoa, na ule unyevu unageuka ukungu na mvua. Imekuwa hivyo kwa muda mrefu mno, mamilioni ya miaka, ndiyo sababu misitu hii ina mimea na viumbe visivyopatikana mahali pengine duniani. Mmoja wa mimea ya misitu hii ni ua dogo la rangi ya zambarau linaloota penye mawe na kivuli. Mwaka 1892 Mjerumani mmoja, Walter von Saint Paul-Illaire, alipeleka mbegu zake kwao Ulaya, na leo ua hilo hupandwa katika vyungu madirishani mwa nyumba za Ulaya na Marekani. Watu wengi wanaolimwagilia maji kila asubuhi hawajui Usambara iko wapi.

Lakini sisi hatukuja kwa ajili ya ua. Tumekuja kuuliza swali ambalo Wasambaa wenyewe wamelipima kila mtawala kwalo. Katika lugha yao yako maneno mawili. La kwanza ni kuzifya shi, maana yake kuitengeneza nchi, kuiponya. La pili ni kubana shi, maana yake kuiharibu nchi. Mvua ikinyesha kwa wakati wake, migomba ikazaa, watoto wakashiba, nchi imepona. Jua likiwaka, njaa ikaingia, watu wakatawanyika, nchi imeharibika. Na mtu wa kuulizwa ni yule mwenye madaraka. Yaandikeni maneno hayo mawili katika daftari zenu, maana tutayarudia.

Sasa twende Vuga, si mbali na Soni. Vuga ndiyo iliyokuwa makao ya wafalme. Masimulizi ya Wasambaa yanasema kwamba zamani alifika mwindaji jina lake Mbegha, ametoka Ungulu, upande wa kusini. Kwao walimwona kuwa ni mtoto wa kisirani kwa sababu alianza kuota meno ya juu. Basi akaishi porini na mbwa wake. Siku zile nguruwe mwitu walikuwa wakimaliza mazao ya watu wa milimani. Mbegha aliwaua nguruwe, akawagawia watu nyama, akaamua magomvi yao, akaua na simba. Watu wakampa nchi, wakamwita Simba Mwene, yaani simba mwenye nchi. Uzao wake ndio Wakilindi. Utaniuliza: je, ilikuwa hivyo kweli? Mimi nakujibu kwamba masimulizi ya namna hii hayapimwi kama hati ya mahakama. Angalia yanasema nini: mtawala amekubaliwa kwa sababu aliyalinda mashamba na kugawa chakula. Hiyo ndiyo sheria ambayo watu waliiweka ndani ya hadithi ili isipotee.

Mfalme mkubwa kuliko wote katika ukoo huo alikuwa Kimweri ye Nyumbai. Alitawala miaka mingi mpaka alipofariki mwaka 1862, na mkono wake ulifika hata karibu na pwani. Mmisionari Johann Ludwig Krapf alimzuru mwaka 1848, akarudi tena mwaka 1852. Kimweri alihesabiwa kuwa mwenye mvua. Watu walisema nguvu ikiwa moja, mvua hunyesha. Nguvu mbili zikishindana, mvua hukimbia. Msicheke, ndugu zangu. Machifu wawili wakipigana, watu hawalimi kwa amani, ghala huchomwa, watoto hutekwa, na njaa hufuata hata kama mawingu yapo.

Jambo hilo lilitokea kweli. Alipokufa Kimweri, mwanawe Semboja hakutaka kukaa milimani. Alikaa Mazinde, chini kwenye tambarare, penye njia ya misafara ya kwenda Kilimanjaro. Huko alipata bunduki na bidhaa kwa kuuza pembe na watu. Fikirini tofauti hiyo. Baba alikaa juu, nguvu yake ilikuwa mvua na kodi ya chakula. Mwana alikaa chini, nguvu yake ilikuwa baruti. Vita vikaenea, na Wasambaa wengi wakauzwa utumwani. Habari hizi ziliandikwa kwa Kiswahili na Abdallah bin Hemedi, mtu aliyekaa na Semboja, katika kitabu kiitwacho Habari za Wakilindi. Mkimaliza kisomo chenu, kitafuteni. Ni kitabu kikubwa, lakini kimeandikwa na mtu aliyejua kusimulia.

Tuondoke Vuga, tupite mjini Lushoto, twende Irente. Ni mwendo wa saa moja na zaidi kidogo kwa miguu. Njia inapita mashamba na miti ya kupandwa, halafu kwa ghafula nchi inakwisha. Mbele ya miguu yako hakuna kitu. Mazinde unaiona chini kabisa, reli kama uzi, na nyika imeenea mpaka macho yanachoka. Mimi nilipofika pale mara ya kwanza nilishikwa na kizunguzungu, nikakaa chini juu ya jiwe, nikaona haya mbele ya watoto waliokuwa wakichezea ukingoni. Lakini pale ndipo nilipoelewa Semboja. Mtu aliyesimama Irente huona njia yote ya biashara. Mtu wa tamaa hawezi kuitazama kila siku asishuke.

Reli ile ilijengwa na Wajerumani, ambao wazee wetu waliwaita Wadachi. Ilianzia Tanga mwaka 1893, ikafika Mombo mwaka 1905. Lakini kabla ya reli kufika, Wadachi walikwisha kuishika milima. Mwaka 1895 walimnyonga Mputa, mfalme wa Vuga, wakamweka Kinyashi. Mwaka uo huo serikali yao ikatoa amri kwamba ardhi isiyo na mwenyewe ni mali ya serikali. Hapa mwalimu asimame kidogo, darasa lizungumze: ardhi isiyo na mwenyewe ni ipi? Mgeni aliyeona msitu bila nyumba alisema hauna mwenyewe. Msambaa aliuona msitu ule ule, akajua ni mahali pa kuchimba dawa, pa kutambikia, na pa kufungua shamba la mjukuu wakati shamba la babu litakapochoka. Kwa amri moja, akiba ya wajukuu iliandikwa jina jingine.

Lushoto ikaitwa Wilhelmstal, kwa jina la mfalme wa Ujerumani, na wakubwa wa Dar es Salaam wakaja kupumzika huko wakati wa joto. Walowezi wakapewa mashamba. Juu Shume kulikuwa na mitarakwa, miti mirefu yenye mbao nyekundu za kunukia. Ili kuishusha, kampuni moja ilijenga njia ya kamba ya chuma iliyoning'inia hewani, karibu kilometa tisa, kutoka ukingo wa mlima mpaka Mkumbara kwenye reli. Ilikuwa kazi ya ajabu ya ufundi, sikatai. Magogo yaliyoota kwa mamia ya miaka yalishuka kwa muda mfupi kuliko mtu anavyoteremka kwa miguu.

Kinyashi alitawala kwa hofu, akauacha ufalme mwaka 1903. Waingereza walimrudisha mwaka 1926, akauacha tena mwaka 1929. Sijui mfalme mwingine wa sehemu zetu aliyeukimbia ufalme mara mbili. Pengine aliona kwamba watu wanamwuliza mvua, na serikali inamwuliza kodi.

Tumefika sasa kwenye jambo lenyewe. Zamani Wasambaa walilima migomba zaidi. Mgomba una majani mapana. Hukinga udongo usipigwe na mvua, na chini yake waliotesha maharagwe na mazao mengine mengi pamoja. Baadaye watu waliongezeka, ardhi nyingi ilikuwa mikononi mwa walowezi au imefungwa kuwa msitu wa serikali, na mahindi yakaenea. Shamba la mahindi hukaa wazi mvua inapoanza. Udongo ukaanza kuondoka na maji. Jambo hili huitwa mmomonyoko wa udongo. Utalitambua kwa rangi ya mto: mto wenye rangi ya chai ya maziwa umebeba shamba la mtu.

Waingereza waliona, wakaanza mpango huko Mlalo mwaka 1946, halafu wakaueneza Usambara yote. Kila mwenye shamba aliamriwa kuchimba matuta yenye visanduku vya kuzuia maji, na miteremko mikali isilimwe mazao ya msimu. Asiyechimba alishtakiwa kwenye baraza la chifu, akatozwa faini au akafungwa.

Ukisoma kwa haraka utasema mpango ulikuwa mzuri na watu walikuwa wakaidi. Usiseme hivyo. Nani alichimba? Wanaume wengi walikuwa chini kwenye katani wakitafuta fedha ya kodi, kwa hiyo jembe lilibaki mikononi mwa wanawake, juu ya kuni, maji, watoto na kupika. Tuta halikuongeza chakula mwaka ule; liliongeza kazi. Tena watu walikumbuka ya Wadachi, wakaogopa kwamba ardhi ikisha kutengenezwa vizuri itachukuliwa. Wakasema chifu anayewafunga wanawake kwa ajili ya matuta anabana shi. Mnaona? Serikali ilisema inaiponya nchi, watu wakasema inaiharibu, na wote wawili walikuwa wakitazama udongo ule ule ukiteremka. Chama cha TANU kiliposikia malalamiko haya kilipata wanachama wengi milimani. Mwaka 1957 mpango ukavunjika. Mwaka 1961 Uhuru ukaja, na mwaka 1963 utawala wa machifu ukafutwa nchini kote.

Matuta yalikwisha, lakini udongo haukuacha kuondoka. Hili lazima tuliseme kwa haki. Mwaka 1981 ulianza mpango mwingine Lushoto, safari hii kwa msaada wa Ujerumani. Pamoja na miti, wakulima walipanda mistari ya majani kukata mteremko. Majani hayo huzuia udongo, na pia hukatwa yakapewa ng'ombe aliyefungwa zizini. Mama aliyepanda majani alipata maziwa na samadi. Mimi naona tofauti kubwa iko hapo: tuta lilimdai mtu jasho, jani lilimrudishia kitu mkononi.

Tumalizie safari juu, Magamba, kilometa chache kupita Lushoto. Kilele chake kimepita mita 2,200. Ndani ya msitu ni kimya na baridi, na ukungu hudondoka kwenye majani hata siku isiyo na mvua. Utaona mikulo na mipodo yenye ndevu za kuvu, na ukibahatika utaona mbega weusi kwa weupe wakiruka na mikia mirefu kama vitambaa. Sikiliza chini: ni vijito. Maji yanayopita Soni huteremka Mombo na mwisho huingia mto Pangani. Mto Umba, unaoanzia misitu ya kaskazini ya milima hii, huvuka nyika na kuingia baharini karibu na Vanga, nchini Kenya. Mvuvi wa Vanga na mkulima wa kabichi wa Lushoto hawajuani, lakini wanategemea mti mmoja.

Msitu huu sasa ni hifadhi, na kukata miti ni marufuku. Ukitoka nje ya mpaka wake, shamba linaanza papo hapo, hatua moja tu, na mwenye shamba ana watoto watano wa kugawia ardhi hiyo. Msitu ni mali ya serikali, na kuni za kesho hazijulikani zitatoka wapi.

Basi, kazi ya wiki hii. Mwendee mzee mmoja wa kijiji chako, mwanamume au mwanamke. Mwulize mlima au kichaka kilicho karibu kilikuwaje alipokuwa mtoto, nani alikikata au nani alikipanda, na nani alitoa amri. Andika majibu yake kwa mistari mitano, kwa mkono wako mwenyewe. Wiki ijayo mwalimu atachagua tatu zisomwe mbele ya darasa, nasi tutashuka milimani tufuate reli mpaka Tanga.