Miti Miwili na Blanketi: Safari ya Mgonjwa Katika Nchi ya Mbulu na Hanang

Kabla gari halijafika katika nchi ya Mbulu, mgonjwa asiyeweza kutembea aliwaendea waganga juu ya mabega ya jirani zake. Na baada ya gari kufika, kisha ndege, kisha simu ya mkononi inayoliita gari bila malipo, mabega hayo hayakuachishwa kazi. Serikali zilizoitawala nchi hiyo, ya Wajerumani, ya Waingereza na yetu wenyewe, kila moja kwa kadiri yake ilijenga nyumba za dawa, ikaweka ndani yake watu wa kutibu, ikaandika nani alipe na nani asamehewe. Walakini mwendo wa kutoka kitandani mpaka mlangoni pa nyumba hiyo, ambao katika nchi ya milima na mabonde ndio aghalabu huamua nani apone na nani azikwe, uliachiwa jamaa wa mgonjwa, mithili ya jambo lisilohusu tiba.

Asiyepata kuiona nchi yenyewe hatasadiki uzito wa maneno haya. Msafiri atokaye upande wa Babati akashika njia ya Mbuyu wa Mjerumani huliacha Ziwa Manyara, ambalo maji yake yako mita 960 hivi juu ya usawa wa bahari, na mara husimamiwa mbele yake na ukuta wa Magara, ambao ni ukingo wa Bonde la Ufa, na njia hujipinda ukutani humo mpaka itokeze juu kwenye baridi, katika mashamba ya Wairaqw, ambao watu wa pwani na maofisa wa serikali walizoea kuwaita Wambulu. Huko juu, katika nchi ya Kainam, ndiko walikojipanga kwa vizazi kadha wa kadha kabla ya kutawanyika. Kusini umesimama mlima Hanang, peke yake, mita 3,420, na mji wa Katesh miguuni pake, na nyanda za Basotu ambako Wadatoga wamechunga ng'ombe zao. Na magharibi nchi huporomoka tena kwenda Bonde la Yaeda na Ziwa Eyasi, makao ya Wahadzabe, mahali ambapo wakati wa masika udongo mweusi hugeuka ulimbo, ukashika gurudumu la gari, ukwato wa punda na unyayo wa mtu bila upendeleo.

Si kweli, kama walivyodhani baadhi ya wageni, kwamba watu wa nchi hiyo walifundishwa na hospitali kusafiri kwa ajili ya tiba. Mwanaanthropolojia Ole Bjørn Rekdal, aliyeandika juu ya Wairaqw katika miaka ya 1990, alionyesha kwamba kwao uganga wenye nguvu ulitafutwa ugenini: Mwiraqw aliyeshindwa na maradhi nyumbani alimwendea mganga wa Kidatoga, au alivuka kwenda kwa Waisanzu, wenye sifa ya kuita mvua, na ugeni wa mganga haukuwa kizuizi bali ndio uliokuwa dalili ya uwezo wake. Hivyo tabibu wa Kizungu alipokuja, mwenye lugha isiyojulikana na desturi zisizojulikana, aliingia katika nafasi ambayo ilikuwa tayari imetandikwa. Jambo jipya lilikuwa jengo. Safari ilikuwa ya kale.

Na chombo cha safari hiyo kilikuwa machela. Jina lenyewe lilipanda bara kutoka pwani, nako lilifika kwa njia ya Wareno, na zamani lilikuwa jina la chombo cha fahari, ambacho ndani yake alilala mkubwa fulani aliyeona haya, au uvivu, kukanyaga vumbi, na wapagazi wakamchukua huku wakiimba. Bara fahari iliondoka, jina likabaki. Hukatwa miti miwili iliyonyooka, yenye urefu unaompita mtu mzima kwa dhiraa moja kila upande; blanketi, na hapo kale ngozi ya ng'ombe, hukunjwa juu ya miti ikafungwa kwa kamba ili isiteleze; kisha mgonjwa hulazwa katikati, naye hudidimia kidogo, kwa hiyo anachokiona njia nzima ni mbingu na visogo vya wanaume wawili. Wanne huchukua, na wanne au sita wengine hufuata nyuma mikono mitupu wakingoja zamu, kwa sababu bega lisilozoea huvimba kabla ya kilima cha pili. Wakipanda mlima, kichwa cha mgonjwa hutangulia. Wakiteremka, miguu ndiyo hutangulia. Maana kichwa hakiruhusiwi kuwa chini ya miguu hata hatua moja, na wakifika kwenye kilele humgeuza, wakizunguka polepole kama wazungushao kitanda katika chumba chembamba. Haya hakuna shule iliyoyafundisha. Wala hapakuwa na ijara: wachukuzi walilishwa, na aliyechukuliwa, akipona, alikuwa na deni lisiloandikwa popote, ambalo alilipa kwa bega lake siku mwingine alipougua. Ole wake mtu aliyekuwa mbali na jirani, au aliyewakosea, au aliyezeeka hata wale waliomjua wakatangulia mbele ya haki.

Wajerumani waliweka boma Mbulu mjini, na Waingereza wakarithi boma hilo pamoja na dawa chache. Katika miaka ya 1940 serikali ya Waingereza ilianzisha mpango mkubwa wa maendeleo ya Mbulu, ambao miongoni mwa kazi zake ilikuwa ni kufyeka vichaka ili kuwafukuza mbung'o waletao malale, na kupunguza msongamano wa watu na mifugo katika milima ya kale. Watu walitiririka kwenda magharibi na kusini, Dongobesh na kuendelea. Jambo hilo lilikuwa jema kwa ng'ombe na mahindi, ila kila kaya iliyohamia nchi mpya iliongeza siku moja au mbili katika safari ya mgonjwa wake kwenda bomani, na mipango ya maendeleo, ambayo huhesabu ekari kwa uangalifu mkubwa, si mara nyingi huhesabu siku za namna hiyo.

Mwaka 1955 wamisionari wa Kilutheri kutoka Norway walifungua hospitali Haydom, ukingoni kabisa mwa nchi hiyo mpya, mahali ambapo mtu wa Arusha angepaona kuwa ni mwisho wa dunia, lakini kwa Mwiraqw wa nyanda za chini, Mdatoga, Mnyiramba na Mhadzabe palikuwa katikati. Daktari Ole Halgrim Evjen Olsen, aliyefika mwanzoni mwa miaka ya 1960, aliiongoza kwa miongo mingi, na mwanawe Øystein akaushika usukani baadaye. Leo ni hospitali ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT), na ni ya rufaa. Machela zilizokuwa zikielekea upande wa boma ziligeuza nyuso. Ukumbini mwake zilikutana lugha ambazo hazikuwa na udugu hata kidogo, na Kiswahili kikawa daraja kati ya kitanda na kitanda.

Mwaka 1957, chini ya Kilimanjaro, daktari wa upasuaji Michael Wood na wenzake wawili, Archibald McIndoe na Tom Rees, walianzisha huduma ya madaktari warukao, ambayo sasa yajulikana kwa jina la AMREF. Na baadaye ndege ndogo za MAF, shirika la kimisionari la usafiri wa anga, zilianza kutua Haydom na katika viwanja vya nyasi vya vijiji kama Yaeda Chini na Domanga. Ndege aghalabu haikwenda kumchukua mgonjwa. Ilimpeleka muuguzi, sanduku la chanjo na mizani ya kuning'iniza watoto, ambayo hufungwa katika tawi la mti wowote wenye kivuli. Mimi naona kwamba katika historia yote ya usafiri wa tiba huko hakuna fikira iliyokuwa ya busara kuliko hiyo, ya kuisafirisha hospitali mahali pa kumsafirisha mgonjwa. Ila mwenye uzazi uliokwama hawezi kungoja ndege ya zamu.

Uhuru ulipokuja, na baada yake Azimio la Arusha la mwaka 1967, serikali ilifanya jambo ambalo wakosoaji wa vijiji vya ujamaa husahau kulitaja na wasifiaji wake hulitaja mno: ilizitapanya zahanati. Watu walihamishwa katikati ya miaka ya 1970 wakawekwa kando ya njia, wengine kwa hiari na wengine kwa nguvu, na safari ya kwenda kwenye dawa ikafupika. Dawa nazo, kabla ya miaka mingi, zikaadimika. Huko Hanang, katika miaka hiyo hiyo, mashamba makubwa ya ngano ya Basotu, yaliyosaidiwa na Kanada, yaliwanyang'anya Wadatoga malisho yao na makaburi ya wazee wao, na malalamiko yake hayajazimika mpaka leo. Lakini yalileta barabara na matrekta, na trela la trekta, ambalo halikuundwa kwa ajili ya binadamu mwenye mfupa uliovunjika, likawa gari la wagonjwa.

Tangu mwaka 1993 wagonjwa walianza kuchangia gharama katika hospitali za serikali. Hanang ilikuwa miongoni mwa wilaya za awali kuupokea Mfuko wa Afya ya Jamii, uliojaribiwa kwanza Igunga, kisha ukawekewa sheria mwaka 2001. Na baadaye, katika sura yake iliyoboreshwa, kaya ya watu sita ilikuwa ikilipa shilingi 30,000 kwa mwaka. Waja wazito, watoto wa chini ya miaka mitano, na wazee wa miaka 60 na zaidi wasiojiweza walisamehewa malipo, na Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ikaukariri msamaha huo. Ni msamaha wa haki. Hebu tuutazame unapoanzia: unaanzia kwenye dirisha la wazee. Ajuza wa Yaeda aliye na kitambulisho cha msamaha atatibiwa bure Mbulu mjini au Haydom, bali kufika huko kwahitaji nauli inayoweza kuzidi thamani ya dawa zote alizosamehewa.

Hapa nitoke kidogo nje ya nchi, kwani kuna mfano unaolitia jambo hili nuru. Mwaka 1965, Marekani, Rais Lyndon Johnson alitia saini sheria iliyozaa mifuko miwili: Medicare, wa watu wenye umri wa miaka 65 na zaidi, na Medicaid, wa mafukara. Wapo waliojaliwa, kama ni kujaliwa, kuwa wazee na mafukara kwa pamoja, na hao, ambao ni mamilioni, wana kadi mbili. Kadi ya uzee hulipia gari la wagonjwa pale tu ambapo usafiri mwingine ungehatarisha afya yake. Kadi ya ufukara ndiyo, ajabu, iliyo karimu zaidi, maana inayalazimisha majimbo yahakikishe mgonjwa anafika kwa tabibu, kwa teksi, kwa basi, au kwa gari lenye kupakia kiti cha magurudumu, hata kama anakwenda kupimwa tu. Sharti hilo liliishi miongo mingi katika kanuni za serikali, na mwishoni mwa mwaka 2020 likaandikwa katika sheria yenyewe. Magari hayo huchelewa, na wazee hulalamika, tena kwa sababu; na si wachache miongoni mwa madereva wake ni wahamiaji waliotoka Afrika Mashariki, hivi kwamba mwana wa mtu aliyechukuliwa kwa machela huenda leo anamfungia mkanda bibi wa Kimarekani katika mji wa Minneapolis, akalipwa ujira kwa kazi ambayo babu yake aliifanya kwa bakuli la uji. Ila yaliyo chini ya sheria hiyo ni maneno ambayo sisi hatujayaandika kwa ajili ya mzee wetu: kwamba njia nayo ni sehemu ya tiba.

Kwa wazazi tumekwisha kuanza kuyaandika. Hospitali ya Haydom ilifikia hatua ya kuwachukua wajawazito kwa gari lake bila kuwatoza. Na mwezi Aprili mwaka 2022 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua kule Dodoma upanuzi wa mpango wa m-mama kwa nchi nzima, ambamo mjamzito, mzazi au mtoto mchanga akipatwa na dharura hupigiwa simu namba 115, bila gharama, na kama gari la hospitali liko mbali, huitwa dereva wa kijiji mwenye gari lake mwenyewe, naye hulipwa kwa simu akishafikisha. Mkunga wa jadi wa zamani angelisikia hayo angelidhani anasimuliwa ngano. Lakini namba hiyo si ya shaibu mwenye kiharusi.

Huyo husafirije? Nilimwona mmoja pale Magara, chini ya ukuta, karibu na daraja jipya la mita 84 ambalo limewaondolea watu hofu ya mto wakati wa mvua. Alikuwa juu ya pikipiki, katikati ya dereva na mwanawe, kwa namna ambayo vijana huiita mshikaki. Alikuwa amezungushiwa shuka jekundu kiunoni na kufungwa nalo kwa mwanawe, kama mtoto afungwavyo mgongoni, ila yeye alikuwa amefungwa kifuani. Kofia ya chuma alikuwa nayo dereva. Nilipomwamkia, "Shikamoo, babu," mkono wake wa kulia haukuinuka, na marahaba yake ilitoka upande mmoja tu wa kinywa. Mwanawe akaniambia kwamba kutoka nyumbani mpaka barabarani walimchukua kwa machela, jirani sita, tangu alfajiri. Kwamba pikipiki ilitaka fedha kabla ya kuondoka. Na kwamba jirani walichanga.

Wala pikipiki haina faida njia ikizibwa: tarehe 3 Disemba 2023, mlima Hanang ulipoporomosha tope na mawe juu ya Katesh na vijiji vya karibu, ukaua watu zaidi ya 80, barabara zilifunikwa, na saa za mwanzo majeruhi walitolewa kwa mikono.

Miti ya machela haitupwi baada ya kazi. Hufunguliwa kamba, blanketi likafuliwa na kurudishwa kwa mwenyewe, na miti ikalazwa juu ya boriti, penye moshi wa jikoni unaoizuia kuliwa na mdudu. Katika nyumba moja ya Dongobesh nilimwuliza mama mwenye nyumba ile yake ni ya miaka mingapi. Alisema aliikuta hapo alipoolewa, na kwamba mwezi uliopita walikuja kuiazima kutoka kijiji cha pili.