Sauti Iliyowatuma kwa Ndugu Zao



Wapendwa, jubilei ilianza na sauti. Katika Mambo ya Walawi sura ya 25, mwaka wa hamsini ulitangazwa kwa tarumbeta, na tarumbeta hiyo ilipigwa Siku ya Upatanisho. Watu waliposikia mlio wake, watumwa waliachiliwa huru, na kila mtu akarudi kwa jamaa yake na kwenye shamba la baba zake. Sauti ilisikika, kisha miguu ikaanza safari ya kurudi nyumbani.

Nilipoombwa kuandika katika kijitabu hiki jinsi Mkristo anavyoisikia sauti ya Mungu katika maisha ya kila siku, nilikumbuka wazee wetu wa Uamsho wa Afrika Mashariki. Wengi wetu tulilelewa na watu wa ushirika huo. Tulikuwa watoto tukisinzia kwenye mikeka huku wakitoa ushuhuda, na baada ya kila ushuhuda wakiimba Tukutendereza. Kibwagizo hicho cha Kiganda, kilichotoka katika tafsiri ya wimbo wa Kiingereza, kilivuka mipaka na lugha zote za eneo letu. Lakini je, tunakumbuka sauti iliyowafanya waimbe?

Mlimani Namirembe, 1929

Mwaka 1929, daktari mmoja Mwingereza, Joe Church, alifika Kampala akiwa amechoka mwili na roho. Alikuwa anafanya kazi katika hospitali ya misheni huko Gahini, Rwanda, na nchi ilikuwa imetoka kupitia njaa kali. Pale kwenye mlima wa Namirembe alikutana na Simeoni Nsibambi, Muganda aliyekuwa mfanyakazi wa serikali katika idara ya afya. Wawili hao walikaa pamoja na Biblia, wakasoma juu ya Roho Mtakatifu na kuomba.

Tukumbuke nyakati zile. Mzungu na Mwafrika hawakuwa na desturi ya kukaa hivyo, kila mmoja akimwambia mwenzake upungufu wake. Hapakuwa na ngurumo wala maono ya ajabu. Palikuwa na Neno lililofunguliwa, na watu wawili waliokubali kuambiwa kweli. Baadaye Nsibambi aliacha kazi yake akawa mhubiri, na mdogo wake, Blasio Kigozi, akaenda Gahini kuwa mwalimu.

Hospitali yenye magomvi

Huko Gahini kulikuwa na Yosiya Kinuka, kiongozi wa wasaidizi wa hospitali. Hospitali ilijaa manung'uniko, na yeye mwenyewe hakuwa na raha na kazi wala na wakubwa wake. Alipokwenda Kampala kumtembelea Nsibambi, aliulizwa habari za hospitali, naye akaeleza jinsi mambo yalivyoharibika. Nsibambi akamwambia kwamba chanzo kilikuwa dhambi iliyomo moyoni mwake yeye Kinuka.

Nani angependa kuambiwa hivyo? Umekuja kushtaki wengine, nawe unaonyeshwa wewe. Neno hilo lilimchoma, lakini halikumwacha. Akiwa safarini kurudi alijitoa kwa Bwana, na aliporudi kazini hakuwa mtu yule yule. Baadaye akawa kasisi, na mmoja wa viongozi wakuu wa Uamsho.

Hapa ndipo tunapoona jinsi ndugu hao walivyoitambua sauti ya Mungu. Haikuwapa siri za watu wengine. Iliwaonyesha jambo moja la kwao wenyewe, kisha ikawatuma kwa mtu mmoja anayejulikana kwa jina. Mwizi alirudisha alichoiba. Mume aliungama kwa mkewe. Mmisionari aliomba msamaha kwa mpishi wake kwa dharau yake. Kuishi hivyo waliita kutembea nuruni.

Festo Kivengere, mwalimu kijana wa Kigezi, alisimulia maishani mwake mwote kwamba mara baada ya kuokoka, Bwana alimkumbusha Mwingereza mmoja aliyemchukia. Alipanda baiskeli akaenda safari ndefu ya vilima, akamwambia kwamba alikuwa akimchukia na sasa anaomba msamaha. Walikumbatiana. Hebu fikiria mtu anayependelea safari kama hiyo! Kama ingekuwa ni sauti ya moyo wake mwenyewe, bila shaka ingemwambia abaki nyumbani.

Sauti yafika Kabete

Mwaka 1937 kundi la ndugu kutoka Rwanda na Uganda lilifika Kabete, na moto ukawaka katika nchi yetu. Miongoni mwa walioguswa ni Obadiah Kariuki. Mwaka 1955 yeye na Festo Olang' waliwekwa wakfu kuwa maaskofu wa kwanza Waafrika wa Kanisa la Anglikana nchini Kenya, na ibada hiyo ilifanyika Namirembe, mlima ule ule.

Kabla ya siku hiyo walikuwa wamepitia moto mwingine. Hali ya hatari ilitangazwa Oktoba 1952. Wapigania uhuru walikuwa na kilio cha haki juu ya mashamba yaliyonyang'anywa, na serikali ya kikoloni ilijibu kwa mkono mzito. Ndugu wa Uamsho katika nchi ya Wakikuyu walikataa kiapo, wakisema kwamba wamekwisha kunywa kikombe cha Bwana na hawawezi kunywa kingine. Wengi wao walikataa pia kubeba bunduki za serikali. Kwa hiyo walishukiwa na pande zote mbili. Wengine walipigwa, na wengine waliuawa. Walikuwa wameisikia sauti iliyowakataza kumwua jirani, hata jirani huyo awe wa upande gani.

Si kila sauti ni yake

Historia ya kweli haifichi makosa. Mwaka 1941 wanafunzi 26 walifukuzwa katika chuo cha theolojia cha Mukono, Uganda, pamoja nao William Nagenda, baada ya kukataa kuacha maombi yao ya alfajiri na mahubiri yao. Wao waliamini wanamtii Mungu, na waliowafukuza waliamini wanalinda utaratibu wa kanisa la Mungu. Huko Nyanza, mwishoni mwa miaka ya 1950, baadhi ya Wakristo walijitenga na kujiita Johera, yaani watu wa upendo, wakilalamika kwamba upendo umepungua. Watu waliookoka wanaweza kuhukumu wengine, na kuita hukumu hiyo sauti ya Bwana.

Wazee wetu walijifunza kuipima sauti. Je, inakubaliana na Maandiko? Je, naweza kuileta mbele ya ndugu katika ushirika, nao waniambie kama nimekosea? Je, inaninyenyekeza mimi kwanza, au inanyenyekeza mwenzangu tu? Na je, inanirudisha kwa ndugu yangu?

Jaribio kubwa lilimpata Kivengere mwenyewe. Tarehe 16 Februari 1977 Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa chini ya utawala wa Idi Amin. Kivengere, wakati huo askofu wa Kigezi, alikimbia na mkewe kwa miguu kuvuka milima hadi Rwanda. Ijumaa Kuu ya mwaka huo alikuwa ameketi kanisani London, akitafakari jinsi Yesu alivyowaombea waliomsulubisha. Hapo alitambua kwamba moyo wake umejaa uchungu dhidi ya Amin, na kwamba Bwana anamtaka amsamehe. Alisamehe, wala hakunyamaza juu ya uovu wa Amin. Aliendelea kuusema wazi.

Na sisi je?

Kwaya ni mahali pa kusikiliza. Mwalimu hutuambia kila mazoezi: usiimbe kwa nguvu hata usimsikie aliye karibu nawe. Nami naungama kwamba niliwahi kuimba miezi mingi bega kwa bega na mwenzangu wa sauti ya tatu bila kumsalimu, kwa sababu ya hesabu ya pesa za sare. Nilifunga na kuomba Mungu aseme nami juu ya kazi na juu ya watoto. Kumbe alikuwa amekwisha kusema, nami sikutaka kusikia jina alilolitaja. Jioni nilipokwenda nyumbani kwake, alinikaribisha kwa chai kabla sijamaliza maneno yangu. Hesabu tuliimaliza kwa dakika kumi.

Katika Mathayo sura ya 5, Bwana anasema kwamba ukikumbuka madhabahuni kuwa ndugu yako ana neno juu yako, iache sadaka yako, uende mkapatane kwanza. Wimbo wetu wa jubilei ni sadaka. Basi, wapendwa, kabla hatujavaa sare na kusimama mbele ya Bwana, kila mmoja wetu anyamaze kidogo. Kuna jina litakalokuja moyoni. Tusilisukume kando. Simu ipigwe, au miguu iende. Nyimbo zitatungoja.

Tukutendereza.