Daftari la Mkunga: Elimu ya Uzazi Ilivyofika Kwetu Busia na Tororo



Siku moja baada ya swala ya Alasiri alitujia madrasa mzee mmoja wa hapa Busia, mkononi ana daftari alilolifunga ndani ya gazeti. Daftari lilikuwa la binti yake. Huyu binti tulimsomesha sisi wenyewe Juzuu Amma, na sasa anasomea ukunga upande wa Uganda. Mzee alifungua ukurasa mmoja, kisha akageuza uso.

"Ustadhi, tazameni wenyewe. Hii ndiyo elimu ninayoilipia karo?"

Tuliutazama ukurasa. Ulikuwa mchoro wa nyonga ya mwanamke, umechorwa kwa penseli na mistari imepigwa kwa rula: mifupa miwili ya ubavuni, ule wa nyuma ulio kama kabari, na kifupa kidogo cha mkia chini yake. Pembeni binti ameandika vipimo. Mlango wa juu ni mpana zaidi kutoka upande hadi upande, kama sentimita 13, lakini kutoka mbele kwenda nyuma ni kama 11. Mlango wa chini mambo hugeuka, upana unakuwa wa mbele kwenda nyuma. Kwa sababu hiyo kichwa cha mtoto huingia kikitazama ubavuni, kisha hujizungusha njiani ili kipate kutoka. Sisi tuna watoto na umri wetu umeshapita arobaini, lakini jambo hili hatukuwa tunalijua.

Tulimuuliza mzee: "Mama yake alipomzaa huyu binti, nani alimpokea?" Akajibu haraka kwamba alikuwa mwanamke, tena yeye mwenyewe ndiye aliyekataa asiingie mwanamume. Tukamuuliza tena, huyo mwanamke alijifunza wapi? Akanyamaza.

Basi tumeona vyema tulieleze jambo hili kwa urefu kidogo, maana si mzee huyu peke yake.

Kabla ya kuwapo madaftari, ujuzi huu ulikaa mikononi. Katika miji ya Wasamia, Wagwe, Wateso na Wajopadhola, binti alimfuata bibi au shangazi, akashika alichoshika yeye. Mkunga wa jadi alipapasa tumbo akajua kichwa kiko wapi. Alingoja kondo la nyuma, akalitazama kama limetoka zima, kwa sababu kipande kikibaki damu haikatiki. Upande wa Uganda mjamzito alipewa, na wengine bado hupewa, mmumbwa, yaani udongo uliochanganywa na dawa za miti na kukaushwa. Yako mema katika ujuzi ule na iko hatari pia, na hatupendi wale wanaousifu wote au kuutukana wote.

Ikumbukwe pia kwamba haukuwa ujuzi mdogo. Mwaka 1879 Mwingereza Robert Felkin, aliyekuwa bado mwanafunzi wa udaktari, alikuwapo Kahura katika Bunyoro mwanamke alipopasuliwa tumbo ili mtoto atolewe. Mpasuaji alinawa mikono na kuliosha tumbo kwa pombe ya ndizi, akazuia damu kwa chuma cha moto, akafunga jeraha kwa misumari ya chuma iliyosuguliwa vizuri. Felkin aliandika kwamba jeraha lilikuwa limepona siku ya 11, naye akayachapisha hayo Uingereza mwaka 1884. Lakini ujuzi wa namna hii ulikuwa wa mtu na mwanafunzi wake. Akifa kabla hajafundisha, umekwenda naye.

Darasa lilikuja baadaye. Mwaka 1897 alifika Mengo muuguzi Katharine Timpson pamoja na wamisionari wa Kianglikana, na mwaka huo huo tabibu Albert Cook akaanzisha hospitali pale. Wawili hao wakaoana mwaka 1900. Mwaka 1919 ikaanzishwa Mengo shule ya wakunga iliyopewa jina la Lady Coryndon, mke wa gavana. Wakati ule serikali ilikuwa na hofu kubwa juu ya kaswende, na juu ya mimba zinazoharibika na watoto wanaokufa. Wasichana walifundishwa mwili wa mwanamke kwa lugha yao, kwani Cook na mkewe walitunga kitabu cha ukunga kwa Kiganda, Amagezi Agokuzalisa. Waliohitimu walipelekwa katika vituo vya uzazi nje ya mji. Kiganda kilikuwa kinasikika hadi pande zetu za Bukedi tangu zama za Semei Kakungulu, hivyo si ajabu maneno mengi ya kliniki ya Tororo hadi leo ni ya Kiganda.

Sasa hapa liko jambo ambalo tungependa kila mzazi alisikie. Nsambya, kwa Wakatoliki, alikuwapo mtawa wa Kiayalandi aliyeitwa Mama Kevin, aliyefika Uganda mwaka 1903. Aliona wanawake wanakufa katika uzazi, lakini sheria ya kanisa lake haikuruhusu watawa kufanya kazi ya kuzalisha. Walisema haifai kwa wanawake walioweka nadhiri ya usafi. Mama Kevin hakuvunja sheria na wala hakukaa bure: alisaidiwa na daktari mwanamke asiyekuwa mtawa, Evelyn Connolly, mafunzo ya wakunga yakaanzishwa, huku yeye akiendelea kuwaomba wakubwa wake. Ruhusa ilitoka Roma mwaka 1936. Kwa hiyo tusidhani kwamba haya iliyomfanya mzee wetu ageuze uso ni yetu Waislamu peke yetu.

Na sisi je? Uislamu uliingia pande hizi kwa njia ya misafara iliyopita Mumias, na Kiswahili chetu kilikuja nao. Tulikuwa na vyuo, tulikuwa na walimu. Lakini shule za wauguzi zilikuwa za misheni, na wazazi wetu waliogopa kwamba binti akienda huko atarudi amebatizwa. Hofu ile haikuwa ya bure, maana wapo waliobatizwa. Hata hivyo hesabu yake imetufikia: kwa miaka mingi Mwislamu wa Busia aliyetaka mkewe ahudumiwe na mwanamke wa dini yake hakumpata, kwa kuwa hakuna aliyekuwa amempeleka binti yake kusoma. Sasa iko shule ya wauguzi na wakunga ya Hospitali ya Waislamu Kibuli, Kampala, na upande wa Kenya kiko chuo cha serikali cha mafunzo ya tiba hapa hapa Busia.

Mpaka nao una kisa chake. Hadi mwaka 1902 Busia zote mbili zilikuwa ndani ya Uganda. Mwaka huo Waingereza waliukata mkoa wa mashariki wa Uganda wakautia katika himaya iliyokuja kuwa Kenya, na jamaa wa ukoo mmoja wakawa wa nchi mbili. Mjamzito huvuka kwa miguu kufuata kliniki iliyo nafuu au yenye dawa. Uganda iliondoa malipo katika vituo vya serikali mwaka 2001, na Kenya ikatangaza uzazi bila malipo katika hospitali za serikali tarehe 1 Juni 2013, ingawa tangu hapo mipango imebadilishwa majina na taratibu. Cheti cha mkunga hakivuki kwa urahisi kama tumbo lake mjamzito. Lazima asajiliwe tena na baraza la nchi ya pili.

Turudi kwenye daftari. Binti mwenyewe alikuja Ijumaa, tukamwomba aeleze mbele ya baba yake. Alianza kwa sauti ya chini kisha akasahau kuona haya. Mfuko wa uzazi kabla ya mimba, alisema, ni kama parachichi dogo lililopinduliwa, uzito wake kama gramu 60. Wiki ya 12 unachomoza juu ya mfupa wa kinena. Kati ya wiki ya 22 na 24 unafika kitovuni, na wiki ya 36 unafika chembe cha moyo, mama anahema kwa taabu, kisha kichwa kinashuka naye anapumua. Mkunga hupima hayo kwa vidole au kwa utepe. Damu ya mama huongezeka karibu nusu ya ile aliyokuwa nayo, lakini maji ya damu huongezeka kuliko chembe nyekundu, kwa hiyo aliyeanza mimba na damu kidogo yuko hatarini. Akasema mapigo ya mtoto huyasikiliza kwa kipembe kilichobuniwa na Mfaransa Adolphe Pinard mwaka 1895, kisichohitaji umeme wala betri.

Akasema tena kwamba mwisho wa mimba mfuko huo hufikia karibu kilo moja, na baada ya kuzaa hurudi kuwa kama ulivyokuwa kwa muda wa wiki sita hivi. Hapo sisi tuliinamisha vichwa. Kila mwaka tunasomesha mlango wa nifasi, kwamba aghalabu ni siku 40 na upeo wake 60 kwa madhehebu ya Shafi, na hatukuwahi kumwambia mwanafunzi hata mmoja ni kitu gani kinachotendeka mwilini siku zile. Na wanavyuoni wetu wa zamani hawakuwa hivyo. Al-Zahrawi wa Andalusia, aliyefariki karibu mwaka 1013, aliweka katika kitabu chake cha upasuaji mlango wa kuwafundisha wakunga la kufanya mtoto akija vibaya. Mafakihi nao waliukubali ushahidi wa wanawake peke yao katika mambo ya uzazi. Ushahidi hutolewa na mwenye kujua.

Jambo la mwisho alilotueleza lilimgusa mzee kuliko yote, kwa kuwa ni la kwetu. Vijidudu vya malaria hujificha ndani ya kondo la nyuma, hata damu ya kidoleni ikipimwa huenda visionekane, na mtoto huzaliwa na uzito mdogo. Tororo walifanya utafiti kwa wajawazito 300, ukachapishwa mwaka 2016. Katika waliopewa ile dawa ya kinga tunayoizoea kwa jina la Fansidar, nusu ya makondo yalikutwa na alama za malaria. Katika waliopewa dawa mpya kila mwezi yalikuwa 27 kwa mia. Ukafuata utafiti wa Busia ya Uganda kwa wanawake 782, uliochapishwa 2019. Dawa mpya ilipunguza malaria tena, lakini matatizo ya watoto wanapozaliwa hayakupungua kuliko kwa dawa ya zamani, na wataalamu wanaendelea kutafuta kwa nini.

"Kumbe hao ni majirani zetu," mzee alisema.

Alimuuliza bintiye kondo linakuwa na uzito gani. Kama nusu kilo, akajibiwa, nalo huwa na vipande kama 20, na mkunga hulipindua na kuvikagua kimoja kimoja kabla ya kuwapa wenyewe wakazike. Mzee akasema mama yake, bibi wa huyu binti, alikuwa akifanya vivyo hivyo kwa taa ya chemni, naye wakati ule mtoto, amesimama nje ya mlango, hajui wanachokitafuta.

Daftari amelirudisha. Ameomba tu livikwe jalada la karatasi ya kaki, nasi tulikuwa nayo madrasa.