Kigongo: Kutoka Pantoni Mpaka Daraja

Nimekuwa kimya siku kadhaa, si mnajua tena mambo ya asaimenti. Leo nimepata nafasi, na nawaletea historia, ila sio ile ya kukariri kwa ajili ya mtihani.

Ilianza hivi. Kwenye semina tuliulizwa tutaje teknolojia mpya inayotatua matatizo ya kila siku ya jamii. Huyu akasema simu, yule intaneti, mwingine kutuma pesa kwa simu. Mimi nikasema Kigongo. Watu wakacheka, eti daraja nalo ni teknolojia mpya? Muda ukaisha kabla sijajieleza, basi acha nimalizie hapa.

Kwa msiopajua, Kigongo iko wilaya ya Misungwi, mkoani Mwanza. Ng'ambo yake ni Busisi, wilaya ya Sengerema. Katikati ni Ghuba ya Mwanza, maji ya kama kilomita 3 hivi. Ukisimama Kigongo unaiona Busisi kwa macho yako. Ila kuiona ni jambo moja, kuifikia ni jingine.

Turudi nyuma kidogo. Tarehe 3 Agosti 1858, Mwingereza John Hanning Speke alilifikia ziwa hapa karibu na Mwanza, akalipa jina la malkia wake. Wenyeji walikuwa na jina lao, Nyanza, na mitumbwi yao. Mwaka 1901 reli kutoka Mombasa ikafika Kisumu, na meli za mvuke zikawa zinazunguka ziwani. Mwaka 1928 reli ya kutoka Tabora nayo ikafika Mwanza. Hiyo ndiyo ilikuwa teknolojia mpya ya wakati ule, na pamba ya Usukuma ikapata njia ya kwenda Ulaya.

Sasa angalieni. Meli ziliunganisha bandari na bandari: Kisumu, Mwanza, Bukoba, Port Bell. Reli iliunganisha shamba na soko la mbali. Lakini vijiji viwili vinavyotazamana ng'ambo na ng'ambo havikuwa kwenye hesabu. Pamba ilipanda meli, mwenye shamba akabaki na mtumbwi wake. Kwa hiyo swali langu la historia ni hili tu: teknolojia ilipokuja, ilimfuata nani?

Baadaye zikaja barabara, na hapo Kigongo pakawa na pantoni. Tusiidharau, pantoni iliwasaidia watu wengi sana. Lakini ilikuwa na wakati wake. Ukikuta imeondoka, unakaa. Foleni ikiwa ndefu, unakaa zaidi. Kusubiri na kuvuka kuliweza kula saa mbili. Kwa msafiri wa kawaida ni usumbufu, ananunua sato wa kukaanga maisha yanaendelea. Kwa mgonjwa je? Hospitali ya Bugando, ambayo ndiyo ya rufaa kwa Kanda ya Ziwa, iko Mwanza mjini tangu 1971. Mama mjamzito aliyepewa rufaa kutoka Sengerema ilibidi aisubiri pantoni, au gari lizunguke mbali. Uchungu haujui ratiba ya pantoni.

Mwaka 2018 unanisumbua sana kichwa. Mwaka huo hapa hapa Mwanza kulifanyika majaribio ya ndege ndogo zisizo na rubani, droni, kupeleka dawa Ukerewe. Kilomita 60 kwa dakika 40! Dunia ikapiga makofi. Na mwaka huo huo, tarehe 20 Septemba, kivuko cha MV Nyerere kikapinduka karibu na Ukara, wilaya hiyo hiyo ya Ukerewe. Walikufa watu zaidi ya 220. Kivuko kilikuwa cha abiria 101, lakini waliopanda walizidi mara mbili yake.

Yaani juu inapita droni na dawa, chini watu wanazama kwa sababu hakuna aliyewahesabu. Sisemi droni ni mbaya, dawa ni dawa. Nasema kuhesabu watu hakuhitaji mtambo wowote wa ajabu, na hicho ndicho kilichokosekana. Teknolojia bila utaratibu haiokoi mtu.

Basi twende kwenye daraja. Jiwe la msingi liliwekwa tarehe 7 Desemba 2019 na Rais Magufuli, mtu wa Chato, yaani wa ng'ambo. Alifariki Machi 2021 kabla halijaisha. Tarehe 19 Juni 2025 Rais Samia Suluhu Hassan akalizindua, nalo likaitwa Daraja la JP Magufuli. Urefu kilomita 3, gharama zaidi ya shilingi bilioni 700. Nguzo zimezamishwa ziwani, na sehemu ya katikati imeshikwa na nyaya za chuma. Gari linavuka kwa dakika kama 4, saa nane mchana au saa nane usiku.

Najua mtaniambia hata hili limefuata mzigo. Ni kweli, kuna dhahabu ya Geita na malori ya Rwanda, Burundi na Uganda. Lakini safari hii mama wa Sengerema naye yumo barabarani, na hasubiri ratiba ya mtu.

Ila haki itendeke, kuna waliopoteza. Foleni ya pantoni ilikuwa soko. Mama lishe, wauza samaki, wauza karanga, wote waliishi kwa kusubiri kwetu. Gari likipita kwa dakika 4 halinunui kitu. Na asiye na gari ana kilomita 3 za kutembea, au atoe nauli. Tukitatua tatizo la mmoja, tumwangalie na wa jirani yake.

Ndiyo maana Mungu akijalia nikaingia darasani kufundisha, sitawaambia wanafunzi wataje teknolojia mpya. Nitawauliza: nani alikuwa anasubiri, na sasa hasubiri tena? Wa Ukara bado wanavuka maji kila siku. Hao nao tuwahesabu.

Haya wadau, kesho nina kipindi saa moja asubuhi. Mliowahi kukaa foleni ya Kigongo, niambieni mlisubiri muda gani. Tuonane tena.