Kipimo cha Mbio za Wanawake

Segera ni njia panda. Barabara itokayo Dar es Salaam hugawanyika hapo: tawi moja huelekea Tanga, na la pili hupita Korogwe hadi Moshi na Arusha. Tuchukue mfano wa msichana wa shule ya hapo, ambaye katika mbio ndefu huwaacha wenzake wote nyuma. Je, ameshinda nini?

Hatuulizi kwa dharau. Mbio za masafa marefu leo ni kazi kama kazi nyingine, na kazi hiyo ina kipimo chake. Kipimo hicho hakitosheki kujua nani aliyetangulia; hutaka pia kujua alikimbia kwa muda gani.

Kwa miaka mingi wanawake hawakupewa hata nafasi ya kupimwa. Katika Michezo ya Olimpiki ya Amsterdam, mwaka 1928, walikimbia mita 800. Yakazuka madai kwamba mbio hizo zinawazidi nguvu, nazo zikaondolewa hadi mwaka 1960. Mita 1,500 ziliingizwa mwaka 1972, na maratoni mwaka 1984, ilhali wanaume walikuwa wakiikimbia tangu mwaka 1896.

Lango lilipofunguliwa, kipimo kilipanda. Muda wa kufuzu moja kwa moja kwa maratoni ya wanawake katika Olimpiki ya mwaka 2016 ulikuwa saa 2 na dakika 45. Kwa Olimpiki ya mwaka 2024 ulikuwa saa 2, dakika 26 na sekunde 50. Katika miaka minane tu, dakika 18 zilikatwa.

Binti za Tanzania hawakubaki watazamaji. Mwinga Mwanjala alikimbia mita 800 katika Olimpiki ya Moscow, mwaka 1980. Mwaka 2005, katika mashindano ya dunia mjini Helsinki, Zakia Mrisho alikuwa wa sita katika mita 5,000, kwa dakika 14 na sekunde 43.87. Mshindi alimzidi kwa sekunde tano na ushei. Kisha mwezi Septemba 2023, mjini Berlin, Magdalena Shauri alishika nafasi ya tatu katika maratoni kwa saa 2, dakika 18 na sekunde 41. Alikuwa ndani ya kipimo cha Olimpiki kwa dakika nane na zaidi.

Kwa hiyo hatukubaliani na wale wasemao kwamba msichana apunguziwe kipimo ili asivunjike moyo. Kumpunguzia ni kurudia, kwa sauti ya upole, maneno yaliyosemwa mwaka 1928. Kumpa kipimo cha dunia bila mwalimu, bila chakula cha kutosha na bila mashindano ya mara kwa mara nako ni kumdhulumu. Haki yake ni kuvipata vyote viwili: kipimo cha kweli na njia ya kukifikia.

Walimu wanaweza kuanza na jambo dogo. Katika mashindano ya UMISSETA na yale ya shuleni, mara nyingi tumeona nafasi zikiandikwa na muda ukisahauliwa. Na tuandike vyote, mwaka hadi mwaka, kwa umbali uliopimwa sawasawa. Ndipo msichana wa Segera atakapojua amewazidi wenzake kwa kiasi gani, na safari iliyobaki mbele yake ni ndefu kiasi gani.