Bahati Nasibu: Kutoka Tiketi ya Karatasi hadi Simu ya Mkulima

Tunapozungumzia kamari vijijini tumezoea kumlaumu kijana: ni mvivu, ana tamaa, hataki jembe. Mimi ni mzaliwa wa Bujonde, katika bonde la mpunga wilayani Kyela, na maelezo hayo hayaniridhishi. Historia inaonyesha kwamba kilichobadilika zaidi ni umbali kati ya mfuko wa mkulima na droo.

Bahati nasibu ni chombo cha kale cha dola. Mwaka 1567 Malkia Elizabeth wa Kwanza wa Uingereza aliidhinisha bahati nasibu ili kupata fedha za kukarabati bandari. Droo ilichezeshwa mwaka 1569. Bahati nasibu za serikali ya nchi hiyo zilikomeshwa mwaka 1826, baada ya malalamiko ya muda mrefu kwamba zinawafukarisha wanyonge, kisha ya taifa ikaanzishwa mwaka 1994. Dola, basi, inaweza kuufunga mlango huu na kuufungua tena. Huo ni uamuzi wa kisiasa.

Kwetu, mwaka 1967, mwaka uleule wa Azimio la Arusha lililosisitiza kazi na kujitegemea, ilitungwa sheria ya kusimamia bahati nasibu. Mwaka 1974 ikafuata sheria ya Bahati Nasibu ya Taifa. Zama hizo mchezo ulikuwa wa karatasi: mtu alinunua tiketi, akaitunza, akasubiri siku ya droo. Kusubiri huko kulikuwa kinga. Aliyekosa alirudi shambani na kuwa na muda wa kutafakari kabla ya kununua nyingine.

Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 iliunda Bodi ya kutoa leseni na kudhibiti sekta nzima. Lakini mapinduzi makubwa yaliletwa na pesa za simu, M-Pesa ilipoingia nchini mwaka 2008. Kufikia mwaka 2017, Biko na Tatu Mzuka zilikuwa zinachezwa kwa simu ya kawaida, na mwaka 2025 Bahati Nasibu ya Taifa ikarejea chini ya kampuni ya ITHUBA. Sasa simu ileile inayopokea malipo ya mpunga ndiyo kibanda cha tiketi, nacho hakifungwi usiku.

Tufanye hesabu. Mchezo wa kubahatisha tarakimu tatu, kuanzia 000 hadi 999, una matokeo 1,000. Tuseme kila jaribio ni shilingi 500 na mshindi hulipwa mara 200. Atakayejaribu mara 1,000 atatumia shilingi 500,000, na kwa wastani atapata 100,000. Matangazo humwonyesha mshindi mmoja tu. Wahenga walituonya kwamba bahati ya mwenzio usiilalie mlango wazi.

Linganisha na upatu, ambao nao akina mama huuita mchezo. Kila mmoja huchanga, kila mmoja hupokea kwa zamu, na hakuna anayetajirika kwa kukosa kwa mwenziwe. Haba na haba hujaza kibaba, nacho kibaba hubaki kijijini. Katika bahati nasibu haba hizo husafiri hadi mjini, na sehemu huingia hazina kama kodi.

Hapo ndipo penye mgongano: anayepaswa kumlinda mchezaji hunufaika anapocheza. Mwaka 2019 Kenya ilikataa kuhuisha leseni za kampuni kadhaa za kubashiri, na Uganda ikatangaza kutotoa leseni mpya. Sishauri kupiga marufuku. Marufuku huhamishia mchezo gizani. Nashauri mambo matatu. Kila ujumbe wa kumwalika mtu kucheza ueleze, kwa Kiswahili chepesi, uwezekano wake wa kushinda. Simu iweke kikomo cha matumizi kwa siku, ili kusubiri kurudi. Na mapato yatangazwe wilaya kwa wilaya, pamoja na kiasi kilichorudi huko.

Mtumishi wa umma anayesoma haya anaweza kuanza na hilo la tatu, kwa maana miamala ya simu huacha kumbukumbu. Mkulima wa Bujonde anastahili kujua mavuno yake yamejenga nini, na wapi.