Kijipicha

Fungua folda ya picha kwenye kompyuta: kila faili huonyesha sura yake ndogo. Hicho ndicho kijipicha, neno linaloanza na kiambishi kiji- cha udogo, kama kijitabu na kijito. Limeundwa vyema, maana kijipicha ni picha nzima iliyopunguzwa, si kipande kilichokatwa.

Lakini kompyuta haiwezi kukitengeneza kama haiijui aina ya faili. Picha za HEIC, ambazo iPhone zilianza kuzihifadhi mwaka 2017, huonekana kama aikoni tupu kwenye kompyuta nyingi za Windows hadi iongezwe programu ya kuzisoma. Faili yenyewe ni nzima.

Na tuseme “kijipicha hakionekani, vijipicha havionekani”. “Kijipicha haionekani” ni kosa.